Kilichomo Ndani ya Picha: Uchambuzi wa Kisayansi wa Maada za Picha za Kale na Nafasi Yake katika Historia ya Miteja na Pwani ya Kilwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna maada zinazounda picha ya kale, yaani karatasi, tabaka za kunatisha, madini na dawa, zinavyoweza kuchunguzwa kisayansi ili kubaini aina ya picha, umri wake na sababu za kuchakaa kwake. Ufafanuzi umejengwa juu ya mazingira ya Miteja na pwani ya Kilwa, ambako picha za kale zimo katika sehemu mbili zilizo mbali: nyaraka za ng'ambo na masanduku ya familia. Hoja kuu ni kwamba maada huonesha umri wa kitu kilichoshikwa mkononi, si umri wa tukio linaloonekana ndani yake. Makala yanaonesha pia kwamba mpangilio wa vipimo ni suala la kimaadili kama ulivyo suala la kiufundi, kwa kuwa picha ya familia mara nyingi haina nakala.

1.0 Utangulizi

Picha ya kale huchukuliwa na wanahistoria wengi kuwa ushahidi wa kile inachokionesha: uso, jengo, jahazi, msafara. Mara chache huchukuliwa kuwa ushahidi wa kile kilichoiunda. Hata hivyo, kabla ya kuwa taswira, picha ni kitu. Ina uzito, unene na harufu. Imetengenezwa kiwandani au studioni kwa maada zilizokuwapo sokoni wakati fulani na si wakati mwingine. Kitu hicho kinaweza kuulizwa maswali, na majibu yake wakati mwingine hupingana na maandishi yaliyo nyuma yake.

Miteja ni kata katika Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, kaskazini mwa Kilwa Kivinje. Eneo linaloizunguka limebeba matukio mazito ya historia ya Tanzania. Mwaka 1888 wakazi wa Kilwa Kivinje walipambana na mawakala wa kampuni ya Kijerumani. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa katika mji huohuo. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Umatumbi, na Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo. Katika miaka ya 1960, Neville Chittick alifanya uchimbuzi wa kiakiolojia Kilwa Kisiwani, na mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yakaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Kipindi hiki chote ni kipindi cha picha. Studio ya A. C. Gomes ilifanya kazi Unguja tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Walther Dobbertin alipiga picha nyingi katika koloni la Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na sehemu ya kazi yake imo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Mkusanyiko wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na Chuo Kikuu cha Frankfurt kinatunza hazina kubwa ya picha za makoloni ya Ujerumani. Huko picha zina namba, zina baridi ya kutosha na zina wataalamu. Zilizobaki katika nyumba za pwani hazina hata kimoja kati ya hivyo, lakini zina jambo ambalo za ng'ambo mara nyingi hazina: zina watu wanaoweza kutaja majina ya waliomo.

Swali linalojibiwa hapa ni hili: sayansi ya maada inaweza kumsaidia nini mtafiti aliyekaa mbele ya picha moja Miteja, na inaishia wapi?

2.0 Picha kama Tabaka

Picha nyingi za karatasi zinaweza kuelezwa kwa tabaka tatu au nne. Chini kuna msingi, ambao ni karatasi. Juu yake panaweza kuwapo barita, yaani tabaka jeupe la salfeti ya bariamu iliyochanganywa na gelatini, inayofunika nyuzi za karatasi na kuipa weupe na ulaini. Kisha kuna kibebaji, nacho hushikilia chembe za taswira. Mwisho kuna taswira yenyewe, ambayo katika picha za rangi nyeusi na nyeupe ni chembe ndogo sana za madini ya fedha.

Historia ya picha za karatasi ni historia ya kubadilika kwa tabaka hizo. Mwaka 1850 Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard alitangaza karatasi ya albumeni, ambayo kibebaji chake ni ute mweupe wa yai. Karatasi hiyo ilitawala hadi miaka ya 1890. Ni nyembamba, haina barita, na kwa kuwa hujikunja, kwa kawaida ilibandikwa juu ya kadi ngumu. Kuanzia miaka ya 1880 ziliingia karatasi zenye barita ambazo kibebaji chake ni kolodioni au gelatini, na taswira zake zilijitokeza kwa jua bila dawa ya kusafishia. Katika karne ya 20 nafasi hiyo ilichukuliwa na karatasi ya gelatini inayosafishwa kwa dawa gizani. Ndiyo picha nyeusi na nyeupe tuliyoizoea. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaenea karatasi iliyofunikwa plastiki pande zote mbili, ambayo weupe wake unatokana na dioksidi ya titaniamu badala ya barita.

Karatasi yenyewe ina safari yake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sehemu kubwa ya karatasi ya msingi iliyotumika duniani ilitoka katika viwanda viwili: cha Rives, Ufaransa, na cha Steinbach mjini Malmedy, uliokuwa Ujerumani wakati huo na sasa ni wa Ubelgiji. Kwa hiyo picha ya mzee wa Kivinje wa enzi hizo ni pia kumbukumbu ya biashara: karatasi ya Ulaya, fedha iliyochimbwa ng'ambo, na mara nyingi dhahabu kidogo iliyotumika kuiimarisha taswira na kuipa wekundu wa zambarau.

3.0 Hatua za Uchambuzi

3.1 Jicho na lenzi ya mkono

Hatua ya kwanza haihitaji umeme. Kwa lenzi inayokuza mara 10 hadi 30, mtafiti huuliza kwanza kama kilicho mbele yake ni picha halisi au ni chapa ya wino. Postikadi nyingi za enzi ya ukoloni zilichapwa mitamboni. Chini ya lenzi huonesha vitone vilivyopangwa au mikunjo midogo ya wino, ilhali picha halisi huonesha mteremko usiokatika kutoka weusi hadi weupe. Kisha huuliza kama nyuzi za karatasi zinaonekana. Zikionekana wazi chini ya mng'ao, barita haipo, na albumeni inakuwa dhana ya kwanza. Zisipoonekana, barita au plastiki ipo. Katika sehemu za giza, mng'ao wa bluu unaofanana na kioo ni dalili ya fedha iliyohama na kukaa juu, jambo la kawaida katika picha za gelatini za kusafishwa.

3.2 Mwanga wa urujuanimno

Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, watengenezaji wa karatasi za picha walianza kutia ving'arishi, yaani kemikali zinazonyonya urujuanimno na kutoa mwanga wa bluu ili karatasi ionekane nyeupe zaidi. Taa ndogo ya urujuanimno gizani hutosha kuviona. Kipimo hiki ndicho kilichotumika mwishoni mwa karne iliyopita nchini Marekani, pale picha zilizouzwa kama chapa za Lewis Hine, aliyefariki 1940, zilipogundulika kuwa juu ya karatasi yenye ving'arishi. Mtaalamu wa uhifadhi Paul Messier alikuwa miongoni mwa walioendeleza mbinu hiyo.

Hata hivyo, kutokuwapo kwa mng'ao si uthibitisho wa ukale, kwa kuwa si karatasi zote za baada ya 1950 zilitiwa ving'arishi. Vilevile, mng'ao unaweza kuwa umetoka nje. Sabuni za unga za kufulia zina ving'arishi. Picha iliyofungwa miaka mingi katika kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni hiyo inaweza kung'aa kwa madoa. Ving'arishi vya kiwandani huenea sawasawa, na ulinganifu huo ndio unaopaswa kutafutwa.

3.3 Eksirei

Kifaa cha mkononi cha eksirei hupiga picha kwa miale, na kila elementi hujibu kwa nishati yake yenyewe, bila kipande chochote kukatwa. Fedha, bariamu, titaniamu, dhahabu, platini na strontiamu huonekana kwa njia hii. Kaboni, haidrojeni, oksijeni na nitrojeni hazionekani. Hivyo kifaa hakiwezi kutofautisha albumeni na gelatini.

Usomaji wa spektra unahitaji uangalifu katika maeneo matatu. Kwanza, mstari mkuu wa bariamu uko kwenye kiloelektronivolti 4.47 na ule wa titaniamu uko kwenye 4.51. Kwa vifaa vingi mistari hiyo miwili huungana na kuwa kilele kimoja. Anayekiita bariamu atasema karatasi ni ya kabla ya plastiki. Anayekiita titaniamu atasema ni ya baada yake. Tofauti hiyo inaweza kuwa ya zaidi ya nusu karne. Utatuzi ni kutafuta mistari ya pembeni, au kutumia nishati kubwa ya kutosha kuuona mstari wa bariamu ulio karibu na 32.2, ambako titaniamu haina mstari. Strontiamu nayo husaidia, kwa sababu huandamana kiasili na bariamu katika mawe inakochimbwa.

Pili, mstari mmojawapo wa fedha, ulio karibu na 2.98, hukaribiana na wa argoni iliyomo katika hewa tunayovuta. Fedha ithibitishwe kwa mstari wake wa 22.1. Tatu, eksirei hupenya. Picha ya albumeni iliyobandikwa kwenye kadi inaweza kutoa bariamu isiyo yake bali ya kadi. Kwa hiyo sehemu tupu ya kadi hupimwa peke yake kwanza.

3.4 Infraredi

Kinachokosekana katika eksirei hupatikana kwa infraredi, inayotambua vifungo vya molekuli. Protini, zikiwamo albumeni na gelatini, hunyonya karibu na 1650 na 1550 kwa sentimita. Kolodioni, ambayo ni nitrati ya selulosi, hunyonya pia karibu na 1650. Kwa hiyo kilele hicho peke yake hakitoshi. Kolodioni hutambulika pale 1280 na 840 zinapojitokeza pamoja nacho.

Albumeni na gelatini hubaki kuwa ndugu wawili wanaofanana mno, kwa kuwa zote ni protini. Hapo ndipo vipimo vinaposaidiana: protini isiyo na barita, juu ya karatasi nyembamba yenye nyuzi zinazoonekana, inaelekea kuwa albumeni, protini iliyo juu ya barita inaelekea kuwa gelatini. Utaratibu wa kulinganisha alama hizi ulipangwa kwa kina na Dusan Stulik na Art Kaplan katika Taasisi ya Uhifadhi ya Getty, ambao mwaka 2013 walitoa atlasi ya alama za kimaabara za aina mbalimbali za picha.

4.0 Mfano wa Hoja: Picha Yenye Maandishi "Kilwa 1905"

Ili kuonesha jinsi hoja inavyojengwa, tuchukue mfano wa kubuni. Picha imo katika fremu. Inaonesha wanaume watano mbele ya jengo la mawe. Nyuma yake pameandikwa kwa kalamu "Kilwa 1905". Tukiikubali kama ilivyo, tunao ushahidi wa mwaka wa Majimaji.

Lenzi inaonesha kwamba nyuzi hazionekani na kwamba ni picha halisi. Urujuanimno unatoa mng'ao wa bluu uliosambaa sawasawa kwenye pambizo na mgongoni. Eksirei inaonesha fedha kwa mstari wa 22.1, bariamu kwa mstari wa 32.2, na strontiamu. Hitimisho la kimaada ni thabiti: hii ni picha ya gelatini juu ya barita, karatasi yake haina plastiki, na ilitengenezwa si kabla ya miaka ya 1950.

Je, maandishi ni ya uongo? Haifuati hivyo. Kinachofuata ni kwamba karatasi hii haikuwapo 1905. Taswira inaweza kuwa imetoka katika negativu ya kioo ya 1905 iliyochapwa upya, au katika nakala iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine. Nakala ya namna hiyo huacha dalili zake: vitone vya chapa ya kitabuni, kivuli cha ukingo wa picha ya awali, michubuko iliyopigwa picha badala ya kuwa juu ya karatasi. Mkwaruzo unaoonekana kwa macho lakini hauhisiwi na mwanga wa pembeni ni mkwaruzo wa picha nyingine.

Hapa kuna tofauti ambayo uandishi wa historia yetu hauna budi kuizingatia. Maada huweka ukomo wa mapema zaidi ambao kitu kingeweza kutengenezwa. Hazisemi tukio lilitokea lini. Picha inayotumiwa kitabuni kama shahidi wa Majimaji inapaswa kuwa imeulizwa maswali mawili tofauti: negativu ilipigwa lini, na chapa ilitolewa lini? Kuyachanganya ni kumpa msomaji uhakika ambao hakuna aliyeupata.

5.0 Hewa ya Pwani na Kuchakaa kwa Picha

Uchambuzi wa maada hauishii kwenye umri. Unaeleza pia kwa nini picha inakufa. Gelatini hunywa unyevu, na unyevuhewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huota juu yake kwa kuwa ni chakula. Gelatini iliyolainika hunata kwenye kioo cha fremu, na kuibandua kwa nguvu ni kuirarua taswira. Mchwa na mende hula karatasi, gundi na gelatini yenyewe.

Fedha nayo ina adui wake. Gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza inayojulikana kwa kila aliyepita kwenye tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa, hugeuza chembe za fedha kuwa salfaidi ya fedha yenye rangi ya manjano na kahawia. Uharibifu kama huo hutokea pia kutoka ndani, iwapo thaiosalfeti, dawa ya kuimarisha taswira, haikusuuzwa vya kutosha. Kusuuza huko kunahitaji maji mengi. Inashangaza kwamba maji ya bahari huondoa dawa hiyo haraka kuliko maji baridi. Jambo hili lilithibitishwa na watafiti wa Kodak wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Sharti ni kwamba suuzo la mwisho liwe la maji baridi, la sivyo chumvi hubaki na kuanza kazi yake.

Je, mtafiti anaweza kujua kama picha ilisuuzwa vibaya kwa kuona salfa katika eksirei? Si katika picha yenye barita, kwa sababu barita yenyewe ni salfeti na hutoa mstari uleule wa salfa. Klorini, ambayo haimo katika barita, huweza kuashiria chumvi ya bahari, lakini inaweza pia kutokana na mikono iliyoishika. Mgawanyo wake ndio unaosema: klorini iliyoenea picha nzima ina maana tofauti na ile iliyo pembeni, mahali pa vidole.

Negativu zinahitaji tahadhari ya pekee. Filamu za nitrati, zilizotengenezwa na Kodak kati ya 1889 na 1951, hushika moto kwa urahisi na hazipaswi kuwekwa pamoja na picha nyingine wala karibu na joto. Filamu za asetati zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na harufu hiyo ni kipimo kisichohitaji maabara.

6.0 Mpangilio wa Vipimo kama Suala la Maadili

Katika nyaraka kubwa, kipande kidogo cha nyuzi kinaweza kuchukuliwa kwenye pembe ya picha na kuwekwa chini ya hadubini. Kipimo hicho kina faida: nyuzi za pamba na kitani hutofautiana na massa ya mti yaliyoanza kuenea katika karatasi za picha miaka ya 1920 na 1930. Lakini picha iliyo katika nyumba ya Miteja si kielelezo kimoja kati ya elfu saba. Huenda ndiyo sura pekee ya marehemu iliyobaki kwa wajukuu wake, na imeshapitia kuhama, masika na moshi. Makazi ya Watanzania wengi wa vijijini yalihamishwa katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Picha iliyovuka kipindi hicho ilibebwa kwa makusudi.

Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza mpangilio usiorukwa. Kwanza, idhini ya mwenye picha, inayoombwa kwa wakubwa wa nyumba na kwa lugha wanayoielewa, pamoja na haki ya kukataa bila kutoa sababu. Pili, masimulizi: nani yumo, nani alipiga, picha ilikaa wapi. Tatu, lenzi na mwanga wa pembeni. Nne, urujuanimno kwa muda mfupi. Tano, eksirei, pale tu swali lililobaki linahitaji jibu la elementi. Infraredi ya kugusa hufuata iwapo uso wa picha ni imara. Ukiwa umeanza kububujika au kumenyuka, kipimo hicho kiachwe. Kukata sampuli kusiwemo kabisa. Picha ipimwe ilipo na ibaki ilipo, na mwenyewe akabidhiwe nakala ya kidijiti pamoja na maelezo ya matokeo kwa Kiswahili.

Masimulizi yametangulia vifaa kwa sababu ya muda. Chembe ya fedha itasubiri miaka mingine kumi ikitunzwa vizuri. Mzee anayeweza kusema "huyu wa tatu ni mjomba wetu" huenda asisubiri. Majina yakishapotea, hakuna spektra itakayoyarudisha, na picha ya familia hugeuka kuwa kama nyingi zilizo ng'ambo: "mwanamume wa Kilwa", "wanawake wa pwani".

7.0 Hitimisho

Uchambuzi wa maada una nguvu ya kukanusha kuliko ya kuthibitisha. Unaweza kusema kwa uhakika kwamba karatasi fulani haikuwapo mwaka fulani. Hauwezi peke yake kusema nani amesimama mbele ya boma wala kwa nini. Kwa hiyo haupaswi kuwekwa juu ya masimulizi kama hakimu, wala chini yake kama pambo. Vyote viwili ni mashahidi wanaojua mambo tofauti kuhusu kitu kimoja.

Kwa pwani ya Kilwa, manufaa yake ni ya aina mbili. Yatasaidia kusafisha vitabu vyetu na picha zinazobebeshwa miaka isiyo yao. Yatasaidia pia kuamua, kabla ya masika yajayo, picha ipi iondolewe kwenye kioo, ipi itenganishwe na nyingine, na ipi ipigwe nakala mara moja. Vifaa vya hatua za mwanzo, yaani lenzi na taa ya urujuanimno, hutosha katika begi moja. Idara za historia, akiolojia na Kiswahili katika vyuo vyetu zinaweza kuanza navyo, huku zikishirikiana na maabara zenye eksirei kwa picha chache zitakazohitaji jibu la ziada. Kazi inayohitaji haraka zaidi ni ile isiyohitaji kifaa chochote: kuketi na wenye picha na kuandika majina.